Kwa Nini Aya Haieleweki Ilhali Kila Sentensi ni Sahihi

Mtu ananiletea kazi yake niihariri. Naisoma sentensi moja baada ya nyingine, sioni kosa. Tahajia iko sawa, upatanisho wa kisarufi uko sawa, alama za uakifishaji ziko mahali pake. Lakini nikifika mwisho wa aya na kujiuliza nimeambiwa nini, sina jibu. Inabidi nirudi juu nisome tena, na safari hii najikuta mimi ndiye ninayezipanga sentensi kichwani: ya nne naipeleka nafasi ya pili, ya tatu naiweka kando, ya mwisho naileta mbele. Kazi ambayo mwandishi angeifanya mara moja, sasa kila msomaji anaifanya upya. Wengi hawaifanyi. Wanaacha kusoma.

Katika miaka niliyohariri maandishi ya watu, tatizo hili nimelikuta mara nyingi kuliko makosa ya sarufi. Na nadhani najua linakotoka. Darasani tulifundishwa sentensi kwa undani: kiima na kiarifu, ngeli, nyakati, vinyume na wingi. Tulifundishwa pia insha: utangulizi, kiini, hitimisho. Kati ya sentensi na insha kuna aya, na kuhusu aya wengi wetu tuliambiwa jambo moja tu, kwamba kila wazo jipya lianze aya mpya. Ni kweli, ila haimfikishi mtu mbali. Haimwambii wazo linaanzia wapi na kuishia wapi. Haimwambii sentensi sita za wazo hilohilo zifuatane vipi.

Jambo ninalotaka kulieleza hapa ni kwamba aya hupangwa wakati wa kuhariri. Anayeandika rasimu bado anatafuta anachotaka kusema, na mawazo humjia kwa mpangilio wa kukumbuka. Msomaji anahitaji mpangilio wa kuelewa. Mipangilio hiyo miwili hukutana kwa nadra, na anayedhani imekutana kwenye rasimu yake ya kwanza huenda hajaisoma kwa macho ya mtu mwingine.

Alama iliyokaa pembeni

Neno aya tumelipata kutoka Kiarabu, na huko maana yake ya asili ni ishara. Ndilo neno linalotumika kwa vifungu vya Kurani, nasi katika uandishi tumelipa kazi ya kutaja fungu la sentensi. Wagiriki wa kale walifika karibu na hapo kwa njia yao. Maandishi yao yaliandikwa bila nafasi kati ya neno na neno, na pale mambo yalipogeuka mwandikaji alichora kistari kifupi ukingoni. Kistari hicho kiliitwa paragraphos, yaani kilichoandikwa kando. Baadaye sana, katika miswada ya Ulaya ya zama za kati, ikaja alama ya ¶, ambayo ilitokana na herufi C ya neno la Kilatini capitulum, kichwa kidogo. Mara nyingi ilipakwa wino mwekundu na fundi aliyekuja baada ya mwandikaji kumaliza kazi yake. Vitabu vya mwanzo vya mitambo ya kuchapia viliendelea kuacha nafasi kwa ajili ya fundi huyo, na nyingi kati ya nafasi hizo zilibaki tupu. Desturi ya kuingiza ndani kidogo mstari wa kwanza wa aya hutajwa kuwa na asili yake katika nafasi hizo.

Nayasimulia haya kwa sababu moja. Kwa Waarabu na kwa Wagiriki, neno lilianza likiwa jina la ishara, halafu likawa jina la fungu zima. Aya mpya ni ishara kwa msomaji kwamba hapa kuna kitu kimegeuka. Ukimpa ishara hiyo mahali ambapo hakuna kilichogeuka, umempotosha. Ukimnyima mahali ambapo mambo yamegeuka, umempotosha vilevile.

Kanuni tunazozifahamu leo ni za juzijuzi tu. Mwaka 1866 Alexander Bain, profesa wa Chuo Kikuu cha Aberdeen huko Uskoti, alichapisha kitabu cha uandishi kilichoweka sheria za aya: msomaji auone waziwazi uhusiano wa kila sentensi na iliyoitangulia, sentensi ya kwanza ioneshe mada, na aya nzima ishikamane na kusudi moja. Walimu walizipenda sheria hizo, hasa ile ya sentensi ya kwanza, zikasambaa hadi zikawa kama amri. Kisha mwaka 1974 mtafiti wa Marekani, Richard Braddock, alichukua makala 25 za waandishi wazoefu kutoka kwenye majarida ya nchi yake, akahesabu. Aligundua kwamba aya zilizoanza kwa sentensi yenye wazo kuu zilikuwa asilimia 13 hivi tu.

Wapo wanaoutumia utafiti huo kusema sheria ya Bain haina maana. Sikubaliani nao. Waandishi wazoefu wanajua njia nyingi za kumfanya msomaji ajue aya inahusu nini: wakati mwingine aya iliyotangulia imeshauliza swali, wakati mwingine kichwa kidogo kimeshasema, wakati mwingine wazo linajengwa taratibu hadi linatua mwisho. Anayeandika maelezo, na bado anahangaika kueleweka, atapata nafuu kubwa akiliweka wazo kuu mwanzoni. Asichopaswa kuamini ni kwamba akishaliweka hapo basi amemaliza. Nimesoma aya nyingi zenye sentensi nzuri ya kwanza, halafu sentensi ya pili ikaelekea kaskazini, ya tatu kusini.

Aya moja kwa karibu

Tuichukue aya moja tuifanyie kazi. Nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya makala haya, lakini kila kasoro iliyomo nimeikuta katika rasimu za kweli.

"Nyuki ni wadudu wenye faida nyingi kwa binadamu na mazingira. Karl von Frisch alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Ndani ya mzinga huwa kuna giza. Pembe ya ngoma yao huonesha upande wa maua ukilinganisha na jua. Aidha, asali hutumika kama dawa. Umbali huoneshwa na muda ambao nyuki anatikisa tumbo. Hii inaonesha kwamba wadudu hawa wana akili. Nyuki wengine humfuata yule anayecheza na kumgusa kwa vipapasio."

Karibu kila sentensi hapo inaweza kutetewa yenyewe. Von Frisch, mwanasayansi aliyeichunguza ngoma ambayo nyuki huicheza mzingani, ni kweli alipata tuzo hiyo mwaka huo, pamoja na Konrad Lorenz na Nikolaas Tinbergen. Giza la mzinga ni kweli. Pembe na umbali ni kweli. Lakini msomaji asiyejua habari za nyuki akimaliza aya hii hataweza kumweleza mwenzake chochote kuhusu ngoma hiyo.

Hatua yangu ya kwanza si kugusa sentensi yoyote. Nauliza: aya hii inajibu swali gani? Nalitafuta swali, na nalitaka liwe swali lenyewe kwa ukamilifu, maana mada haitoshi. "Nyuki" ni mada, na chini ya mada hiyo unaweza kuandika lolote. "Nyuki aliyeona maua huwaelezaje wenzake yalipo?" ni swali, na swali lina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Sentensi ama inasaidia kulijibu ama haisaidii. Nimeona waandishi wakitumia saa nzima kubadilisha maneno ndani ya aya ambayo hawajawahi kuiuliza inajibu nini. Dakika mbili za kuliandika swali pembeni zingewaokoa.

Swali likishapatikana, kukata kunakuwa rahisi kuliko watu wanavyodhani. Faida za nyuki kwa binadamu zinaondoka. Asali kuwa dawa inaondoka, na akili ya wadudu vilevile. Tuzo ya Nobel inaondoka pia, ingawa inauma, kwa kuwa ni habari tamu. Nafasi yake ni aya nyingine itakayosimulia jinsi siri hiyo ilivyogunduliwa. Ushauri wangu kwa anayepata uchungu wa kufuta ni kufungua faili la mabaki. Kila sentensi inayokatwa ikae humo. Mara nyingi hutairudia tena, lakini kujua kwamba ipo hukupa ujasiri wa kuiondoa.

Baada ya kukata, mpangilio. Zimebaki habari za giza, pembe, umbali na vipapasio. Msomaji hawezi kuielewa pembe ya ngoma kabla hajaiona ngoma yenyewe, na rasimu haikuieleza popote. Hili nalikuta sana: kitu muhimu zaidi hakimo kwenye aya, kwa sababu mwandishi alikiona wazi mno kichwani mwake hadi akasahau kukiandika. Nalo giza halina kazi yoyote pale lilipowekwa. Giza linakuwa na maana pale tu tunapojiuliza wenzake wanaipataje habari bila kuona, kwa hiyo mahali pake ni mwisho, karibu na vipapasio.

Matokeo ni haya:

"Nyuki aliyegundua maua huwaeleza wenzake yalipo kwa kucheza. Akirudi mzingani hupanda juu ya sega lililosimama wima, hutembea katika mstari mfupi ulionyooka huku akitikisa tumbo, kisha huzunguka na kuurudia mstari uleule. Mstari huo una habari mbili. Ya kwanza ni upande: pembe kati ya mstari na wima wa sega ni sawa na pembe ambayo nyuki akitoka nje ataikuta kati ya jua na maua. Ya pili ni umbali: kadiri anavyotikisa tumbo kwa muda mrefu, ndivyo maua yalivyo mbali. Kwa kuwa ndani ya mzinga ni giza, wenzake hawaitazami ngoma hiyo. Humfuata kwa karibu, vipapasio vyao vikimgusa, mpaka nao wajue pa kuruka."

Itazame sentensi ya tatu: "Mstari huo una habari mbili." Ni fupi, haina elimu mpya, na ukimpa mhariri mwenye haraka ataifuta. Nami naiona kuwa ndiyo inayoishikilia aya nzima. Inachukua kitu kilichotajwa sasa hivi, inakihesabu, inamwambia msomaji ategemee mambo mawili. Ndipo "ya kwanza" na "ya pili" zinapokuja bila kumshtua. Mwandishi asiyejali ufupi usio na maana huiacha sentensi kama hiyo ikae.

Mwaka 1965 mwalimu wa uandishi wa Marekani, Francis Christensen, alipendekeza njia ya kuliona umbo la aya kwa kuzipa sentensi ngazi. Sentensi ya juu kabisa ni namba 1. Kila inayofuata ama iko sawa na iliyotangulia, ama iko chini yake ikiifafanua, ama inarudi juu. Aya yetu ya nyuki inasomeka 1, 2, 3, 4, 4, 2, 2: dai, namna ngoma inavyochezwa, mstari, upande, umbali, kisha tunarudi juu kwa sentensi mbili kuwaona wanaoipokea habari. Jaribu kuipa namba rasimu ya mwanzo. Hutaweza, kwa sababu hakuna sentensi iliyo chini ya nyingine. Zote zimesimama kivyake. Mimi huandika namba hizo kwa penseli pembeni ninapohisi aya ina shida na siioni. Pale ninaposhindwa kuamua namba, ndipo ilipo shida.

Nyuzi ambazo Kiswahili kimetupa

Kupanga ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuzifunga sentensi zishikamane, na hapa Kiswahili kina zana ambazo lugha nyingi hazina. Tazama: "Gari liligonga mti, likaanguka." Sasa badilisha herufi chache: "Gari liligonga mti, ukaanguka." Hakuna anayeuliza kilichoanguka ni nini. Ngeli imemaliza kazi. Kila kiambishi cha upatanisho ni uzi unaorudi nyuma kwenye jina lake, na aya iliyoandikwa vizuri kwa Kiswahili inaweza kwenda sentensi nne au tano bila kulitaja jina tena.

Uzi huo hukatika katika mahali pa aina tatu, na inafaa kupajua.

Kwanza ni pale majina mawili ya ngeli moja yanapokutana. "Daktari alimweleza mgonjwa kwamba anahitaji kupumzika." Nani apumzike? Kwa watu tunaizoea hatari hii. Tusiyoizoea ni ya maandishi ya kiofisi. Ripoti, kamati, bajeti, sera, programu, taarifa, ofisi, serikali: majina haya yaliyotoka lugha nyingine karibu yote yameangukia ngeli ya I-ZI. Kwa hiyo mtu anaandika, "Ripoti iliwasilishwa kwenye kamati baada ya bajeti kupitishwa, lakini ilikuwa na kasoro," na ile i- inaweza kwenda kokote kati ya majina matatu. Msaada wa ngeli unatoweka palepale tunapouhitaji zaidi. Dawa yake ni kulirudia jina bila aibu. Shuleni tuliambiwa kurudia neno ni kasoro ya mtindo. Katika maandishi ya kueleza, kurudia jina sahihi ni heshima kwa msomaji, na kubadilisha "ripoti" kuwa "waraka" kisha "andiko" kwa ajili ya kupamba kunamfanya adhani unazungumzia vitu vitatu.

Mahali pa pili ni pale tunapotumia hu- ya mazoea. Kiambishi hiki kinapendwa sana katika maelezo, nami nakipenda, lakini hakibebi ngeli. "Nyuki huruka hadi kwenye maua. Hufunguka asubuhi." Kinachofunguka ni nini? Akili inajua ni maua, ila imelazimika kusimama kidogo. Ungeandika "Yanafunguka asubuhi," uzi ungekuwepo. Ukitumia hu-, hakikisha kiima hakijabadilika tangu sentensi iliyopita, au kitaje.

Mahali pa tatu ndipo ninapoweka alama nyekundu nyingi kuliko kwingine: "hii" isiyo na jina. "Idadi ya wanafunzi iliongezeka huku walimu wakibaki walewale. Hii ilisababisha matokeo kushuka." Mwandishi anakusudia hali nzima aliyoieleza. Lakini katika Kiswahili "hii" inatafuta jina la ngeli yake, na jina lililopo ni "idadi", kwa hiyo msomaji anashikilia nusu tu ya sababu. Tena kiashiria kinachofaa kwa jambo lililokwisha kutajwa ni kile cha -o, yaani hiyo, hilo, huo, hayo. Ukiandika "Hali hiyo ilisababisha," umeshapona. Ukiandika "Pengo hilo lilisababisha," umefanya zaidi ya kupona, kwa kuwa umekipa jina ulichokieleza na kumwambia msomaji unakionaje. Kulitafuta jina hilo wakati mwingine kunachukua muda, na nimeona mara nyingi kwamba anayeshindwa kulipata hajaamua bado anasema nini.

Kuna uzi mwingine ambao hauonekani kwa urahisi: namna sentensi zinavyoanza. Wanaisimu wa Prague, wakiongozwa na Vilém Mathesius, na baada yake František Daneš, walilifanyia jambo hili kazi kubwa katika karne ya 20. Kwa ufupi, mwanzo wa sentensi ni mahali pa kile ambacho msomaji anakijua tayari, na mwisho ni mahali pa habari mpya. Aya inatiririka ama kwa kuanzia kitu kilekile kila mara, ama kwa kuchukua kipya cha sentensi hii na kukifanya mwanzo wa ile inayofuata. "Hutembea katika mstari... Mstari huo una habari mbili" ni mfano wa namna ya pili.

Kwa namna ya kwanza, msaidizi wetu mkubwa ni kauli ya kutendwa. Walimu wengi hutukataza tusiitumie, eti inadhoofisha sentensi. Linganisha. "Moyo husukuma damu. Mishipa huipeleka kwenye mapafu. Hewa ya oksijeni huingia ndani yake. Mishipa mingine huirudisha moyoni." Kila sentensi ina mtendaji wake, na jicho linaruka kutoka kimoja hadi kingine. Sasa: "Damu husukumwa na moyo hadi kwenye mapafu, hupokea oksijeni huko, kisha hurudishwa moyoni tayari kwa safari ya mwili mzima." Kama aya ni ya damu, damu ikae mbele, na kauli ya kutendwa ndiyo inayoiruhusu. Kama aya ni ya moyo, basi moyo ukae mbele na kauli ibadilike.

Njia rahisi ya kulipima hili ni kusoma maneno mawili au matatu ya mwanzo wa kila sentensi, bila kusoma mengine. Katika rasimu yetu ya nyuki yalikuwa: nyuki ni, Karl von Frisch, ndani ya mzinga, pembe ya ngoma, aidha asali, umbali huoneshwa, hii inaonesha, nyuki wengine. Huhitaji kuisoma aya kujua kwamba imevurugika.

Kuhusu viunganishi nitasema machache, kwa sababu watu huvitegemea mno. "Aidha", "vilevile", "pia", "hata hivyo" haviumbi uhusiano, vinauonesha uliopo. "Mvua zilichelewa. Aidha, mavuno yalikuwa madogo." Aidha inasema haya ni mambo mawili yaliyopangwa sambamba, ilhali mwandishi anajua moja limezaa lingine. "Mvua zilichelewa, mavuno yakawa madogo": ile -ka- peke yake imeonesha ufuatano, na kiunganishi hakikuhitajika. Nikikuta aya yenye "aidha" tatu, nazifuta zote, kisha naangalia ni wapi maana imepungua. Mara nyingi haipungui popote.

Aya na jirani zake

Anayejua ushairi wa jadi anaifahamu kanuni ya utoshelevu: kila ubeti ubebe wazo lililokamilika, usimlazimishe msikilizaji kusubiri ubeti ujao ndipo aelewe. Ni mafunzo mazuri kwa mwandishi wa nathari, na nadhani msomaji wa Kiswahili aliyezoea mashairi anasoma aya akiwa na matarajio hayo bila kujua. Tofauti ni kwamba ubeti unaweza kusimama peke yake ukaimbwa. Aya ina deni kwa iliyotangulia, na inaacha deni kwa inayofuata.

Ili kuliona deni hilo, fanya kinyume cha kuandaa muhtasari. Chukua rasimu iliyokamilika, na kando ya kila aya andika sentensi moja fupi ya inachosema. Usiandike mada, andika inachosema. Kisha zisome sentensi hizo zenyewe kwa mfululizo. Mambo yatajitokeza ambayo hukuyaona: aya ya pili na ya saba zinasema kitu kimoja, aya ya nne imebeba mambo mawili na sentensi yako moja imelazimika kuwa na "na pia" katikati, aya ya tano haina inachosema. Aya ya mambo mawili igawe pale swali linapobadilika. Wengi hugawa kwa urefu, hasa siku hizi tunaposomwa kwenye simu ambako aya ya mistari minane inajaza kioo. Ufupi huo una sababu yake na siupingi, lakini aya ikikatwa katikati ya wazo kwa sababu tu imerefuka, msomaji anapewa ishara ya mgeuko ambao haupo. Afadhali upunguze maneno ndani yake.

Kama aya zimepangwa sawasawa, daraja kati yake huhitaji neno moja au mawili tu. Sentensi ndefu za aina ya "baada ya kuangalia sababu, sasa tuangalie athari" huwa ni jengo la muda la mwandishi mwenyewe, lililomsaidia asipotee. Akimaliza kujenga, aliondoe.

Ninazifanya hatua hizi kwa mfuatano kutoka kubwa hadi ndogo, na nawasihi wengine wafanye hivyo: kwanza aya zote na nafasi zake, kisha swali la kila aya, kisha mpangilio wa sentensi, kisha mianzo ya sentensi, na mwisho kabisa koma na tahajia. Anayeanza na koma huipenda sentensi aliyoihangaikia, na siku ikibidi kuikata hawezi. Rasimu ikilala usiku mmoja kabla ya kuguswa tena, unaisoma kama ya mtu mwingine. Ukiisoma kwa sauti, pumzi itakuonesha ilipokwama.

Jambo la mwisho ninalolikagua ni sentensi inayofunga aya. Kuna mazoea ya kufunga kwa kurudia kilichosemwa, kana kwamba msomaji amesahau ndani ya mistari sita. Naifunika kwa kidole, nasoma aya bila hiyo, na kama hakuna kilichopotea naifuta. Aya ya nyuki niliyoionesha hapo juu, nilipoiandika kwa mara ya kwanza, ilikuwa na sentensi moja zaidi: "Kwa hiyo ni dhahiri kwamba ngoma ya nyuki ni njia muhimu sana ya mawasiliano." Niliifunika, nikasoma, nikaifuta. Aya ikaishia pale wenzake wanapojua pa kuruka.